Mkongo wa Baharini Uwe Pia Mlinzi wa Pwani

Mtu asimamaye ufukoni Dar es Salaam au Mombasa na kutazama bahari haoni ila maji, ngalawa za wavuvi, na meli zingojazo zamu ya kuingia bandarini. Lakini chini ya maji hayo imelazwa mikongo ya mawasiliano, na ndani ya kila mkongo zimo nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, ambazo hupitisha mwanga usiku na mchana. Salamu za jamaa walio ng'ambo, barua za ofisi na hesabu za wafanyabiashara kwa sehemu kubwa hupita humo. Mkongo wa SEACOM uliingia pwani yetu mwaka 2009, wa EASSy ukafuata mwaka 2010, na mingine imeongezwa tangu hapo.

Twaandika juu ya mikongo hiyo leo kwa sababu sayansi imekwisha kuonyesha kwamba inaweza kufanya kazi ya pili. Nyuzi zile zile zipitishazo maneno yetu zaweza kusikia ardhi ikitikisika chini ya bahari, na zaidi ya hayo zaweza kuhisi mwendo wa maji yapitayo juu yake. Kwa watu wa pwani jambo hili si la mchezo. Lahusu kujua, wakati wimbi la tsunami lingali mbali baharini, kwamba wimbi hilo lipo kweli, lina ukubwa gani, na laelekea wapi.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Jumapili ya tarehe 26 Desemba, 2004, saa kumi kasoro dakika moja usiku kwa saa zetu, ardhi ilipasuka chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia, kwa tetemeko la kipimo cha 9.1. Mawimbi yaliyotokana nalo yaliua watu wapatao 230,000. Yalichukua muda wa saa saba hivi kufika pwani ya Somalia, ambako watu karibu mia tatu walikufa na mji mdogo wa wavuvi wa Hafun ukabomolewa. Baadaye mchana yakafika Kenya na Tanzania. Katika Tanzania walikufa watu zaidi ya kumi, wengi wao wakiwa wanaogelea siku hiyo ya mapumziko. Kenya alikufa mtu mmoja, kwa kuwa amri ilikuwa imekwisha kutolewa ya kuwaondoa watu katika fukwe za Mombasa.

Saa saba, ndugu wasomaji! Katika muda huo msafiri aliyepanda basi Dar es Salaam huwa anakaribia kuingia Dodoma. Habari za maafa ya Asia zilikuwa zimekwisha kuenea duniani kwa redio na televisheni, zikisemwa kwa kila lugha, lakini mvuvi wa Hafun hazikumfikia.

Kasoro ya siku ile ilikuwa na sehemu mbili, na yafaa tuzitenganishe. Ya kwanza ni kwamba hapakuwa na njia ya kufikisha neno kwa watu. Ya pili, ambayo haisemwi sana, ni kwamba hata wataalamu hawakulijua wimbi. Walilijua tetemeko tu. Kituo cha Hawaii kilichokuwa na kazi ya kuiangalia Bahari ya Pasifiki kilikadiria mwanzoni kwamba tetemeko lile lilikuwa la kipimo cha 8.0, hesabu iliyo chini sana ya ukweli, na katika Bahari ya Hindi hakikuwa na chombo hata kimoja kilindini cha kukiambia maji yalikuwa yakifanya nini. Wala hili si kosa la watu wasio na elimu au vyombo. Japani yenyewe, ambayo hakuna nchi iliyojiandaa kuishinda, ilikosea vivyo hivyo tarehe 11 Machi, 2011. Dakika tatu baada ya ardhi kutikisika watu waliambiwa wangojee maji ya kimo cha mita tatu mahali fulani na mita sita mahali pengine. Yaliyokuja yalizidi sana makadirio hayo, na watu zaidi ya 18,000 walikufa au kupotea.

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Tarehe 11 Aprili, 2012, tetemeko jingine kubwa, la kipimo cha 8.6, lilitokea baharini nje ya Sumatra. Tahadhari ilitolewa kuzunguka bahari yote, na nchi za pwani ya Afrika ya Mashariki zikatajwa ndani yake. Wimbi la maana halikuja, kwa sababu safari ile ardhi iliteleza kwa ubavu badala ya kuinuka na kuyasukuma maji. Waliotoa tahadhari walifanya wajibu wao. Lakini mtu aliyeacha nyavu zake akapanda mlimani bure leo, na akaziacha tena bure mwakani, mara ya tatu atakaa kitako akivuta sigara. Hivyo lazima kupatikane njia ya kulipima wimbi lenyewe lingali baharini, wala si kulikisia kwa ukubwa wa tetemeko.

Njia iliyotumika kwa miaka mingi ni ya maboya. Chombo huwekwa sakafuni mwa bahari kikipima uzito wa maji yaliyo juu yake, na kina uhodari wa kutambua tofauti ya sentimita chache tu katika kina cha maelfu ya mita. Chombo hicho husema na boya lieleaalo juu, na boya huzipeleka habari kwa setilaiti. Ni kazi nzuri, ila boya ni mtumishi aliye peke yake katikati ya bahari. Dhoruba hulipiga, kutu hulila, wavuvi hufunga vyombo vyao humo, na kulitengeneza kwahitaji meli. Indonesia ilikuwa na maboya 22 ya namna hiyo. Ilipofika Septemba 2018, mji wa Palu ulipopigwa na watu zaidi ya 4,000 wakafa, halikuwapo hata moja lililokuwa likifanya kazi, na hali ilikuwa hivyo tangu mwaka 2012. Twakiri kwamba wimbi la Palu lilifika kwa dakika chache mno hata maboya hayo yasingalisaidia kitu kikubwa. Lakini habari hiyo yaonyesha jinsi ilivyo rahisi kununua chombo na jinsi ilivyo vigumu kukitunza.

Wajapani walipojifunza kwa uchungu walitandaza mkongo maalumu. Sasa wana mtandao uitwao S-net, wenye vituo 150 vilivyounganishwa kwa mkongo wa urefu wa kilomita 5,500 hivi katika bahari ya mashariki ya nchi yao. Umeme na habari hupita katika mkongo huo huo, kwa hiyo hakuna boya la kuvunjika. Wenyewe wamehesabu kwamba waweza kupata habari ya tsunami hadi dakika 20 mapema kuliko zamani. Gharama yake, hata hivyo, ni ya taifa tajiri, na hatuwezi kuwaambia wakulima na wafanyakazi wa nchi zetu kwamba tutatandaza S-net yetu kesho.

Na hapa ndipo mikongo ya kawaida, iliyokwisha kulazwa kwa biashara, inapoingia katika maneno yetu. Mwanga upitao katika uzi wa kioo huenda kasi ya kilomita 200,000 hivi kwa sekunde moja. Uzi ukivutwa au kukandamizwa, hata kwa kiasi kidogo kisichoweza kuonekana kwa jicho, mwanga ule hubadilika: huchelewa kidogo sana, au hugeuza namna ya kutetemeka kwake. Zamani wahandisi waliyahesabu mabadiliko hayo kuwa ni kelele za kuondolewa ili maneno yasikike vizuri. Sasa wapo wataalamu wanaozichukua kelele hizo na kuzisoma. Mwaka 2021 wataalamu wa Chuo cha Teknolojia cha California walitangaza kwamba, kwa kuangalia tu mwanga wa kawaida katika mkongo uitwao Curie, ambao watoka Los Angeles mpaka Valparaíso nchini Chile kwa urefu wa zaidi ya kilomita 10,000, walisikia matetemeko mengi ya ardhi na hata mawimbi ya dhoruba baharini. Hawakuongeza kitu chochote chini ya maji. Mwaka uliofuata Waingereza wa Maabara ya Taifa ya Fizikia wakaonyesha kwamba mkongo upitao chini ya Atlantiki kutoka Uingereza mpaka Kanada waweza kugawanywa vipande kumi na viwili, kila kipande kikawa sikio lake, kwa kutumia mitambo ile ile iongezayo nguvu za mwanga njiani.

Ipo na njia ya tatu, ambayo hutuma mwanga wa leza na kusikiliza mwangwi wake urudio kutoka katika dosari ndogondogo zilizomo ndani ya kioo. Kwa njia hiyo kila mita chache za mkongo huwa chombo cha kupimia. Kasoro yake ni kwamba kwa kawaida haifiki mbali na pwani kupita kilomita mia moja na kitu.

Kwamba mikongo husema habari za bahari si jambo geni kabisa. Tarehe 18 Novemba, 1929, tetemeko lilitokea kusini ya Newfoundland, na nyaya kumi na mbili za simu za maandishi zilizovuka Atlantiki zikakatika. Baadhi zilikatika papo hapo, nyingine zikafuata moja baada ya moja kwa saa nyingi, kadiri tope lililoporomoka lilivyozidi kuteremka kilindini. Makarani wa kampuni za nyaya waliandika saa na dakika ya kila mkatiko katika vitabu vyao, kwa sababu ya hasara. Siku ile ile mawimbi yakaua watu 28 katika vijiji vya wavuvi vya Newfoundland, na kwa kuwa waya wa nchi kavu wa huko ulikuwa umekatwa na dhoruba, ulimwengu haukupata habari zao kwa siku tatu. Ilipita miaka zaidi ya ishirini kabla wataalamu hawajachukua vitabu vile vya makarani wakahesabu kwavyo mwendo wa tope. Mikongo ilikuwa imesema, lakini hapakuwa na mtu aliyewekwa kuisikiliza.

Tusidanganyane, hata hivyo, kwamba kazi imekwisha. Kusikia tetemeko ni jambo moja na kupima tsunami ni jambo jingine. Katika bahari kuu wimbi la tsunami huwa na kimo kidogo, pengine sentimita kadhaa au nusu mita, na kila wimbi huchukua dakika nyingi kupita. Nahodha aliye juu yake hajui kitu. Badiliko la polepole namna hiyo hufanana sana na badiliko la joto la maji, ambalo nalo huuvuta uzi wa kioo. Kulitenganisha hili na lile papo kwa papo, bila kutangaza uongo, ndiyo kazi ngumu inayowashughulisha wataalamu. Tena mkongo waweza kukatika saa ile ile unapohitajiwa. Volkano ya Hunga Tonga ilipolipuka tarehe 15 Januari, 2022, mkongo wa pekee uliowaunganisha watu wa Tonga na dunia ulikatika, na matengenezo yake yakachukua wiki tano. Kwa hiyo mikongo ya biashara haitaondoa haja ya maboya, wala ya vipimo vya maji bandarini.

Lipo pendekezo la kati, ambalo sisi twaliona lina akili zaidi kwa nchi kama zetu. Mkongo mpya unapotengenezwa, vipimo vya uzito wa maji, joto na mtikisiko hutiwa kandokando ya ile mitambo ya kuongeza nguvu za mwanga, ambayo huwekwa kila baada ya kilomita chache zisizofika mia moja au zaidi kidogo. Mashirika matatu ya Umoja wa Mataifa, la simu, la hali ya hewa na UNESCO, yamekuwa na kamati ya jambo hili tangu mwaka 2012. Ureno, ambayo haijasahau jinsi Lisbon ulivyoangamia tarehe 1 Novemba, 1755, imeamua kwamba mkongo wake mpya wa kwenda visiwa vya Azores na Madeira uwe na vipimo hivyo. Ureno haikungoja kampuni itoe zawadi. Iliandika sharti hilo ilipokuwa ikiagiza mkongo.

Wapo watakaosema kwamba tsunami kwetu ni jambo la mara moja katika vizazi vingi, na kwamba tuna visima vya kuchimba na zahanati za kujenga. Hoja hiyo twaiheshimu. Lakini huko Pangani, mahali palipochimbwa mabwawa ya samaki, wataalamu, wakiwamo wa Tanzania, wamechunguza mchanga ulioletwa na bahari yapata miaka elfu moja iliyopita, na ndani ya mchanga huo imo mifupa ya watu wa kijiji cha Waswahili wa zamani. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020. Na si kila wimbi litakalotoka Sumatra na kutupa saa saba za kufikiri. Mwaka 2018 volkano mpya ilianza kuzaliwa chini ya bahari, kilomita 50 hivi mashariki ya Mayotte katika visiwa vya Komoro, ikainuka mamia ya mita kutoka sakafuni. Imepewa jina la Fani Maoré. Mwezi Desemba mwaka huo huo ubavu wa volkano ya Anak Krakatau nchini Indonesia uliporomoka baharini, na watu zaidi ya 400 wakafa bila tetemeko kubwa la kuwaonya. Kwa wimbi la namna hiyo mashine za kupima matetemeko hazina la kusema, na ni kipimo kilichomo majini tu kiwezacho kulitambua.

Gharama nayo yafaa itazamwe kwa haki. Mkongo uliokwisha kulazwa unahitaji chombo katika nyumba ya pwani unapotua, na watu waliosomeshwa kukisoma. Wenye mikongo wenyewe wana faida humo. Mwezi Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika, na kazi zikazorota Tanzania, Kenya na Uganda. Sikio lile lile lisikialo ardhi laweza kusikia nanga ikiburuzwa karibu na mkongo kabla haujakatwa.

Basi kizuizi ni nini? Sehemu yake ni sheria. Kwa mkataba wa sheria ya bahari wa mwaka 1982, nchi ya pwani ina haki ya kutoa au kunyima idhini ya uchunguzi wa kisayansi katika bahari ya uchumi wake. Wenye mikongo wanaogopa kwamba wakitia vipimo, mkongo wao utahesabiwa kuwa chombo cha uchunguzi, na kibali kitachelewa mwaka mmoja au miwili. Majeshi ya mataifa makubwa nayo hayapendi bahari iwe na masikio mengi, kwa sababu zao wanazozijua. Kwa upande wetu twaona kwamba hofu ya kwanza serikali za pwani zaweza kuiondoa zenyewe, na kwa neno moja: zitangaze kwamba mkongo wenye vipimo vya tsunami utapewa kibali bila kucheleweshwa, kwa sharti kwamba habari zake za mawimbi na matetemeko zitumwe papo hapo, bila malipo, kwa mamlaka za hali ya hewa za nchi zote za mwambao. Neno hilo linapaswa kuandikwa ndani ya kibali, pale mkongo unapoomba kutua. Ukiisha kutua, mwenye mkongo ana haraka gani ya kutusikiliza?

Tena hatuanzi na mikono mitupu. Tangu mwaka 2005 Bahari ya Hindi imekuwa na mpango wake wa tahadhari chini ya UNESCO, na vituo vya Australia, India na Indonesia ndivyo vinavyozipelekea habari nchi nyingine, nchi zetu zikiwamo. Mazoezi hufanywa kila baada ya miaka michache. Habari za mikongo zingeongeza nguvu katika kazi iliyopo.

Lakini tumesema kwamba kasoro ya mwaka 2004 ilikuwa na sehemu mbili, na mkongo hutibu moja tu. Katika kisiwa cha Simeulue, Indonesia, kilicho karibu kabisa na tetemeko lile, waliishi watu wapatao 78,000, na waliokufa ni saba. Hawakuwa na mkongo wala boya. Walikuwa na neno lao, smong, lililobaki vinywani tangu wimbi la mwaka 1907: ardhi ikitikisika kwa nguvu na bahari ikikauka, kimbilia mlimani. Kwetu ardhi haitatikisika, kwa kuwa wimbi litatoka mbali, na bahari ikikauka ghafla mtu wa pwani atadhani ni bamvua. Kina mama wa Paje na Jambiani walimao mwani huenda mbali maji yanapokupwa, na wachokoao pweza huenda mbali zaidi. Maji yakirudi nyuma kuliko desturi, wao ndio watakaoyafuata.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili yaende pamoja, sharti la vipimo katika kibali cha kila mkongo mpya utakaotua pwani yetu, na kwa kila kijiji cha mwambao, kuanzia Lamu mpaka Mtwara, Unguja na Pemba, mtu anayejulikana kwa jina ambaye simu ya tahadhari itampigia yeye hata usiku wa manane, mwenye ufunguo wa kipaza sauti cha msikiti, kengele ya shule au pembe ya kijiji, na aliyekwisha kukubaliana na wenzake mapema ni kilima gani watakachopanda na nani atawachukua wazee.